Bibi hataki mjukuu mwenye pumu akimbie, mwalimu anamtaka uwanjani

SWALI

Habari za kazi, mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Iringa mjini. Tatizo langu ni la binti yangu wa kwanza, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Ana pumu tangu akiwa na miaka minne. Tunaishi na mama mkwe wangu. Ndiye aliyenisaidia kumlea tangu anazaliwa, na kwa kweli mjukuu huyu ndiye roho yake.

Mwaka jana mwezi wa saba mtoto alibanwa vibaya. Siku hiyo asubuhi shuleni walifanya usafi wa kufagia uwanja, kisha mchakamchaka, na jioni alicheza rede na wenzake hapa nyumbani. Usiku kulikuwa na baridi kali, tukaingiza jiko la mkaa sebuleni. Saa nane hivi akaanza kukohoa, kifua kikawa kinalia kama filimbi. Nilimpa Ventolin, ile dawa ya kuvuta, na kidonge, hakupata nafuu. Tulikodi bajaji hadi hospitali, akawekewa mashine ya mvuke na oksijeni, tukalazwa siku mbili.

Tangu siku hiyo mama mkwe amepiga marufuku. Hakuna kukimbia, hakuna rede, hakuna kuruka kamba. Ndipo akanieleza jambo ambalo hata mume wangu halisemi: alizika mtoto wake wa kiume wa miaka tisa kwa ugonjwa huohuo, na alianguka akicheza mpira. Ningemjibu nini? Niliandika barua shuleni mtoto aondolewe kwenye michezo.

Sasa tuko mwezi wa nne. Mtoto amenenepa. Kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani kuna mlima, zamani alikuwa anatangulia mbele, siku hizi anasimama njiani anahema. Amekuwa mkimya, akirudi shule ni televisheni mpaka kulala. Hivi karibuni nikaona sketi yake imejaa vumbi jekundu, nikambana, akakiri kwamba saa ya masomo ya ziada huwa anatoroka kwenda kucheza netiboli. Ventolin huwa anaiacha nyumbani ili bibi asishtuke.

Wiki iliyopita mwalimu wa michezo akanipigia. Anasema mtoto ana kasi, anamtaka kwenye netiboli na mbio za mita 800, mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ngazi ya kata, wiki saba zijazo. Anataka niandike kwamba nimeridhia. Mama mkwe amesema nikisaini atafungasha virago arudi kijijini, hawezi kuzika mara mbili. Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Tunduma, yuko nyumbani siku chache. Mimi ananiambia, "Mama ameona mengi, msikilize." Binti naye amemwahidi kwa simu kumletea raba za michezo.

Kuhusu dawa: Ventolin anavuta akibanwa tu, anaiweka mdomoni moja kwa moja. Aliwahi kupewa na inhela ya kahawia ya kila siku, nikaiacha baada ya mwezi maana alikuwa mzima, na jirani aliniambia inadumaza watoto.

Je, mtoto mwenye pumu anaruhusiwa kukimbia? Nikisaini likatokea la kutokea nitaishije? Na nikikataa, si ndiyo namfundisha kunidanganya?

Mama, Iringa

JIBU

Mpendwa mama,

Pole. Umebeba hofu ya watu watatu: yako, ya mama mkwe, na ya mtoto anayeogopa kukuambia kwamba amecheza. Naona pia unaulizwa swali la ndiyo au hapana kabla ya kupata majibu ambayo swali lenyewe linayategemea. Kusaini ni kwako na mumeo, na daktari aliyempima mtoto ana sehemu yake kubwa. Mimi nitakuonyesha yaliyomo ndani ya barua yako, maana mengi uliyoyahitaji umeyaandika mwenyewe.

Turudi kwenye usiku ule wa Julai. Nyumbani kwenu lawama imekwenda kwa mchakamchaka na rede. Lakini pumu inayochochewa na mbio ina tabia yake. Mtoto anapokimbia anapumua kwa mdomo, haraka haraka, hewa haipati muda wa kupashwa joto na kulowanishwa puani. Njia za hewa hukauka na kupoa, misuli inayozizunguka inajikaza. Hali hiyo huanza wakati wa mazoezi au mara tu baada ya kusimama, hufikia kilele dakika 5 hadi 10 baadaye, na mara nyingi hutulia ndani ya saa moja au moja na nusu. Binti yako alicheza jioni, akabanwa saa nane za usiku. Katikati hapo kuna jiko la mkaa ndani ya sebule iliyofungwa, kuna baridi ya Julai, na asubuhi yake kuna vumbi la kufagia uwanja. Huenda pia alikuwa na mafua, hukusema. Siwezi kuapa kwamba mbio hazikuchangia hata kidogo. Ila katika orodha ile, moshi wa mkaa ndio ningeutilia shaka kwanza, na ndio pekee ambao hakuna aliyeupiga marufuku. Jiko hilo litoke ndani hata kama mtoto hatakimbia maisha yake yote. Gesi yake isiyo na harufu huua hata wasio na pumu.

Dhana nyingine ya kuitazama upya ni kwamba kumzuia kunamlinda. Pumu ni uvimbe wa kudumu kwenye njia za hewa, na uvimbe huo upo hata mtoto akikaa kwenye kochi mchana kutwa. Marufuku hayaupunguzi. Yanachofanya ni kudhoofisha moyo na misuli, hivyo kazi ndogo kama ule mlima wa kutoka kituoni inamlazimu apumue kwa nguvu kuliko zamani, na kupumua kwa nguvu ndiko kunakochochea kifua. Uzito ukiongezeka, pumu nayo inakuwa ngumu zaidi kuitawala. Mtoto anayehema mlimani huenda amekosa mazoezi tu, huenda anabanwa, huenda ni vyote. Unaweza kuanza kutofautisha hivi: aliyekosa mazoezi akikaa dakika chache pumzi inarudi, wala hakohoi. Mwenye kubanwa, akishasimama hali inazidi, kikohozi kikavu kinaanza, kifua kinalia, anasema kuna kitu kimemkaza. Msikilize kwa dakika kumi mkishafika juu ya mlima. Hiyo ni habari ya kumpelekea daktari.

Na yapo anayoyakosa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli inayowafanya waheme, na angalau siku tatu kwa wiki ziwemo shughuli za nguvu zaidi na za kuimarisha misuli na mifupa. Kwa binti wa miaka 11 kipengele cha mifupa kina uzito wa pekee. Takriban robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili hivi ya kilele cha ukuaji, na kwa wasichana kipindi hicho huangukia karibu na kuvunja ungo. Mfupa hukua kwa kugongwa: kuruka, kutua, kukata kona. Netiboli na kuruka kamba ndizo hasa. Kuhusu ukimya wake sitaongeza neno, umeuona kwa macho yako.

Sasa dawa, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu naona ndipo uamuzi wako ulipo. Ventolin hulegeza misuli kwa saa chache, haigusi uvimbe. Inhela ya kahawia, ambayo kwa kawaida huwa ni beklometasoni, ndiyo inayotuliza uvimbe, na hufanya kazi kimyakimya kwa siku na wiki. Mtoto alionekana mzima ule mwezi yamkini kwa sababu alikuwa anaitumia. Jirani hakusema uongo mtupu: dawa hizi zinaweza kupunguza kidogo kasi ya kurefuka, hasa mwaka wa kwanza, na tofauti kwenye urefu wa utu uzima ni kiasi cha sentimita moja hivi. Pumu isiyodhibitiwa nayo hudumaza, tena humnyima usingizi na shule. Kama kuirudia au la, na kwa kipimo gani, daktari ataamua. Nenda umweleze wazi kwamba uliiacha na sababu yake, wala usione aibu. Vidonge vya salbutamol, yaani dawa ileile ya Ventolin lakini ya kumeza, mwulize pia kama bado vina haja: vinachelewa kufanya kazi kuliko dawa ya kuvuta, na hutetemesha mikono na kuukimbiza moyo zaidi.

Kabla ya kwenda, kaa na binti, bibi asiwepo, mjibu maswali haya kuhusu wiki nne zilizopita. Alikohoa au kubanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Aliamka usiku hata mara moja kwa sababu ya kifua? Alihitaji Ventolin kwa kubanwa zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna alichoacha kufanya kwa sababu ya kifua? Kila jibu likiwa hapana, pumu imetulia. Moja au mawili yakiwa ndiyo, imedhibitiwa nusunusu. Matatu au manne, haijadhibitiwa, na hapo mita 800 si jambo la kulizungumzia mwezi huu. Swali la mwisho litahitaji uaminifu wake, na utaupata tu akijua hataadhibiwa kwa kusema kweli.

Kuna jambo dogo ambalo linaweza kubadilisha mengi: namna anavyovuta. Inhela ikiwekwa mdomoni moja kwa moja, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo na kumezwa. Inatakiwa ipite kwenye chombo kiitwacho spesa. Kikikosekana dukani, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inatosha, na baadhi ya hospitali za Afrika zinaitumia. Ioshe kwa maji ya sabuni, usiisuuze, iache ikauke yenyewe, la sivyo dawa inanata kwenye kuta za plastiki. Kwenye kitako toboa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, dogo kidogo kuliko inhela yenyewe ili iingie kwa kubana, kisha ziba pembeni kwa plasta. Tikiseni kopo la dawa, mtoto afumbe midomo kuzunguka shingo ya chupa, pulizeni mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita bila kuachia chupa. Subirini nusu dakika, tikiseni kopo tena, ndipo mvuto wa pili. Kosa ninaloliona kila mahali ni kupuliza mara mbili mfululizo. Kosa jingine ni kutumia kopo lililokwisha, maana gesi huendelea kutoka wakati dawa imekwisha. Kopo la kawaida lina mivuto 200. Kama halina kihesabio, andika juu yake tarehe ya kulianza na weka hesabu kwenye daftari.

Sasa njia zilizo mbele yako.

Unaweza kushikilia katazo. Mama mkwe atabaki, nyumba itatulia. Hatari yake umekwisha kuiona kwenye ile sketi. Mtoto anacheza tayari, tena kwa namna mbaya kuliko zote: bila kupasha mwili, bila dawa mfukoni, bila mtu mzima anayejua. Akibanwa uwanjani kesho, hakuna atakayejua pa kuanzia. Ukichagua njia hii, walau mwalimu ajue hali yake na Ventolin iende naye shuleni.

Unaweza kuruhusu netiboli na kuahirisha mbio. Kitaalamu michezo miwili hiyo haifanani. Netiboli ni mbio fupifupi na kusimama, kifua kinapata nafasi ya kupumzika. Mita 800 ni dakika tatu hivi za kuhema bila kituo, na mazoezi yake ni marefu zaidi, ndiyo aina inayochochea pumu kwa urahisi. Hasara ni kwamba mwalimu na mtoto wanaweza kuona umewapa nusu.

Au unaweza kusema ndiyo kwa yote, kwa masharti. Wiki saba si chache. Dawa ya kila siku, kama daktari ataianzisha leo, huhitaji wiki mbili hadi nne hivi kabla ya kuonyesha nguvu yake kwenye mazoezi. Maana yake muda wa kumpima kabla ya mashindano upo, ila haupo wa kupoteza. Hatari ya njia hii ni haraka. Mwalimu anayetafuta ushindi anaweza kumwambia "vumilia kidogo", na mtoto aliyekaa nje miezi yote hiyo anaweza kuficha kikohozi ili asitolewe. Kumbuka pia kuvuta Ventolin kila siku kabla ya mazoezi, bila dawa ya uvimbe, hupunguza nguvu ya dawa hiyo kumkinga siku zinavyokwenda.

Akicheza, kwa njia yoyote, utaratibu uwe huu. Kama daktari amekubali, mivuto miwili ya Ventolin kwa chupa, dakika 10 hadi 15 kabla. Halafu apashe mwili robo saa: kutembea haraka, kukimbia polepole dakika tano, kisha mbio fupi sita au nane za sekunde 20 hadi 30, akipumzika dakika moja kila baada ya mbio. Mbio hizo fupi zina kazi maalumu, kwa watoto wengi hukipa kifua kinga ya saa moja hadi mbili dhidi ya kubanwa. Akimaliza asikae ghafla, atembee dakika tano hadi kumi. Mazoezi yake yawe ya saa kumi jioni, na mchakamchaka wa alfajiri za Juni na Julai asiingie. Baridi kavu ya Iringa saa hizo ndiyo hasa hewa isiyomfaa. Ikilazimu, afunge skafu puani na mdomoni. Zamu ya kufagia abadilishiwe, apewe kumwagilia. Siku ya mafua, au siku aliyoamka usiku akikohoa, hachezi.

Barua kwa mwalimu haina lazima ya kuwa neno moja la ndiyo. Iandike na haya: Ventolin na chupa vinakaa na mwalimu uwanjani, si ofisini kwa mwalimu mkuu mlango ukiwa umefungwa. Akikohoa au kubanwa anatoka, anaketi wima, halazwi. Anapewa mivuto minne, mmoja mmoja kwa chupa. Akipata nafuu, siku hiyo harudi mchezoni. Asipopata nafuu, safari ya hospitali inaanza, na dawa inarudiwa baada ya dakika 20 hata kama ni njiani. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi au akianza kusinzia, hakuna kusubiri dakika yoyote. Mwombe daktari aisome na kuisahihisha.

Sasa mama mkwe. Tafadhali usimshinde kwa hoja. Alimzika mwanawe, na yamkini wakati huo hapakuwa na inhela ya kinga wala chupa, labda hata gari la kumfikisha hospitali halikuwepo. Hofu yake ilijifunzwa kwa gharama ambayo hakuna anayeweza kumrudishia. Lakini hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza kwa nini mbio humbana mtoto na nini kinachozuia. Mchukue mwende kliniki pamoja. Mwache amwulize daktari mwenyewe, na kama ataona uchungu kusimulia habari za mwanawe, asisimulie. Kisha mpe kazi: yeye ndiye ashike daftari la mivuto, yeye ndiye amsimamie mjukuu asubuhi na jioni kwenye dawa ya kila siku na kusukutua mdomo baada yake. Labda bado atakataa. Hapo utakuwa umebaki na mgogoro wa familia, ambao ni mzito, lakini utakuwa umetenganishwa na suala la kifua cha mtoto.

Mumeo naye hawezi kuendelea kukwambia wewe umsikilize mama huku akimwahidi binti raba. Mtoto atasikia ahadi ya raba tu. Mpigie kabla ya siku ya kliniki, mkubaliane neno moja, na yeye ndiye amweleze mama yake, maana msiba ule ulikuwa wa kaka au mdogo wake pia.

Umeuliza kama mwenye pumu anaruhusiwa kukimbia. Wapo waliokimbia mbali sana: Mwingereza Paula Radcliffe, mwenye pumu tangu ujanani, alimaliza marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia iliyodumu hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka 2019. Mfano huo unajibu kama inawezekana. Kama inafaa kwa binti yako, mwezi huu, itajibiwa na yale maswali manne na kipimo cha daktari. Mwombe ampulizishe kile kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, kabla ya kukimbia na dakika kumi baada ya kukimbia, hata kama ni kwenye ua wa hospitali.

Mwalimu mwambie asubiri jibu hadi baada ya kliniki. Na binti mwambie leo, kwa mdomo wako, kwamba unajua amekuwa akicheza, kwamba mnakwenda kwa daktari kwa ajili ya hilo, na kwamba kuanzia kesho Ventolin inakaa kwenye begi lake, bibi akiiona au asipoiona.